Kwenda Kuteleza Bila Kufika kwa Wakwe

Mimi ni mtaalamu wa theluji. Nasema hivi bila aibu, kwa sababu nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za Arua tangu kabla sijaolewa, na hajatokea mtu wa kunishinda kuchora bonde lililochimbwa na mto wa barafu. Nalichora kwa chaki moja, bila kufuta, huku naongea: hapa kilele, hapa shimo, hapa mawe yaliyosukumwa. Wanafunzi wangu hutoka Logiri, Manibe na Ayivu. Baridi kali wanayoijua ni ile ya asubuhi ya mvua ukiwa juu ya baiskeli, lakini wameandika kurasa nzima juu ya theluji na wakafaulu. Mimi mwenyewe theluji pekee niliyowahi kuigusa ni ile inayoota ndani ya friji yangu. Huikwangua kwa kijiko umeme unapokatika, kabla haijayeyukia kwenye samaki.

Kwa hiyo nilipotangaza katika chumba cha walimu kwamba Januari naenda milima ya Ufaransa kuteleza kwenye theluji, nilitegemea heshima kidogo. Walicheka. Mwalimu wa hesabu alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Madam," akasema, "wewe nataka kulipa pesa ndiyo uende uanguke? Hapa Arua kuanguka iko bure. Ngoja mvua inyeshe, sisi tutakusindikiza mpaka ile barabara ya nyuma ya soko."

Nikamwambia hajui maana ya likizo. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeijua, ingawa likizo zangu zote nimezipitisha nikisahihisha mitihani na kupalilia muhogo. Isitoshe, sikuwa naenda likizo. Nilikuwa naenda kumwona mjukuu wangu, na theluji ilikuwa kichaka tu cha kujifichia.

Hapa inabidi nieleze, la sivyo mtanidhania nimerukwa na akili mapema kuliko ninavyostahili.

Binti yangu alikwenda Ufaransa kusomea uuguzi akiwa bado msichana, akapata kazi huko, akapata na kijana huko, wakapata mtoto. Mtoto ni wa kike, anakaribia miaka minne, na sijawahi kumbeba. Nimemwona kwenye simu. Namjua kwa vipande, paji la uso, pua, halafu mtandao unakatika na anaganda mdomo wazi. Wazazi wa huyo kijana wana nyumba ndogo katika mji wa mlimani ambako watu huenda kuteleza, na kila Januari familia nzima hukutana hapo kwa wiki moja. Binti yangu akaniambia, "Mama, njoo wiki hiyo. Utamwona mtoto, utawaona wote kwa pamoja."

Ni mwaliko mzuri, na mtu mwenye akili timamu angefunga begi. Lakini wazazi wa kijana walikuwa hawajafika kwetu. Kwetu kijana haji peke yake na maua mkononi. Huja wazee wake, wakakalishwa uani, wakaulizwa maswali, wakasumbuliwa kidogo juu ya ng'ombe na mbuzi, na baada ya hapo ndipo watu huitana wakwe. Mpaka siku hiyo, mama wa binti hapigi hodi kwao, hali chakula chao, halali kwao. Akienda mwenyewe kabla hawajaja, ni kama muuza nyanya anayezungusha beseni nyumba hadi nyumba saa za jioni, ananadi zisije zikamwozea.

Marehemu mume wangu, mtu wa Koboko, alikuwa mkali kwa jambo hili kuliko wazee wote niliowahi kuwaona. Mtoto alipozaliwa alisema, "Sasa watakuja tu." Akaenda kwa seremala akachongesha viti vipya kwa ajili ya wageni, akapaka rangi upya ukuta wa mbele. Hawakuja. Hata siku ya kuja hawakutaja. Aliendelea kusema watakuja, na mwaka jana tukamzika huko Koboko, naye hajamwona mjukuu wake isipokuwa kwenye simu kama mimi. Baada ya matanga nilikaa nikajiuliza kama na mimi nitakwenda hivyo hivyo. Swali hilo lilinitia hofu, na hofu ndiyo iliyonipa ule ujanja.

Ujanja wenyewe ni huu. Mila zinamkataza mama wa binti kwenda kwa wakwe. Hakuna mila, si ya Walugbara kwetu wala ya Wakakwa kwa mume wangu, inayomkataza mtalii. Mtalii huenda anakotaka. Na kama mtalii huyo, katika matembezi yake, akakutana na watu fulani wanaomfahamu binti yake, na watu hao wakawa wamembeba mtoto, na mtoto huyo akanyoosha mikono, nani atamlaumu? Ilibidi tu iwe likizo ya kweli: chumba changu, sufuria yangu, na vile vibao virefu vya kutelezea, vinavyofungwa miguuni, nimevikodi mwenyewe kwa wiki nzima. Nilijisifu kwa siku kadhaa.

Nikaanza kupanga. Mshahara wa mwalimu hauruhusu mtu kupanga ovyo, kwa hiyo nilitafuta likizo ya bei nafuu kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia hata kwenye diploma yangu. Kila siku baada ya vipindi nilibaki chumba cha walimu na simu yangu. Nikajifunza kwamba ukienda wakati shule za Ufaransa zimefungwa, bei zinapaa, na kwamba wiki za Januari, sherehe zikishapita, hushuka mpaka mtu wa kawaida anaweza kuziangalia bila kizunguzungu. Nikajifunza kwamba miji mingi ina lifti chache za chini ambazo wanaoanza hupanda bure. Basi la kutoka bondeni ukiliwekea nafasi mapema ni rahisi kuliko teksi. Na mtu mwenye akili hupika chumbani, hali hotelini, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshalipanga kabla ya kusoma popote: unga wa muhogo, dagaa na simsim ya kusaga vingekaa begi la chini.

Kuhusu theluji yenyewe sikuhitaji mwalimu. Miji ya chini ni rahisi lakini theluji huwakimbia. Ya juu sana ina theluji lakini inawafaa wenye mali. Mimi nilitaka mji wa urefu wa kati, wenye miteremko inayotazama kaskazini, kwa sababu huko jua la Januari halifiki vizuri na theluji hudumu. Niliyaeleza haya katika ukurasa mmoja wa mtandaoni ambako watu wa kuteleza huulizana mambo. Mwingereza mmoja alinishukuru sana. Alisema nimemwokoa, alikuwa karibu kulipia mteremko wa kusini. Kisha akauliza mimi kwa kawaida huteleza wapi. Nikamjibu, bila uongo wowote, kwamba msimu huu bado sijaanza.

Binti yangu alipoona bidii hii aliniambia kwenye simu, "Mama, ya bei nafuu kuliko zote ni bure. Ile nyumba yao ina nafasi."

"Ina vyumba vingapi?"

"Kimoja."

Nikamwomba anieleze. Akanieleza kwamba hizo nyumba za mlimani ni ndogo, watu wote wanaishi hivyo, wala si umaskini. Ukiingia tu mlangoni kuna vitanda viwili vya kupandana, juu na chini, hapo hapo ukumbini. Halafu kuna chumba chenye kochi linalofunguliwa likawa kitanda, na jiko dogo pembeni. Bafu liko nyuma ya mlango mwembamba. Hapo hulala baba, mama, yeye, mumewe na mtoto, na wangeniongeza mimi.

Niliinua macho nikatazama ukuta wa chumba cha walimu. Kwetu mama mkwe akikutana njiani na mkwe wake, mmoja wao huingia kwenye muhogo mpaka mwenzake apite. Huyu binti alikuwa ananiambia nioge nyuma ya mlango mwembamba huku mkwe wangu anakaanga mayai upande wa pili! Nilale kitanda cha juu, na chini yangu mzee ambaye hata salamu rasmi hatujapeana!

"Asante," nikasema. "Mimi nina mipango yangu."

Mipango hiyo ikanipeleka sokoni kununua nguo. Hapa ndipo naweza kumwambia Mzungu yeyote anayetaka kuteleza kwa bei nafuu kwamba aje Arua. Nguo za theluji huja ndani ya belo za mitumba, na hakuna anayezigombania isipokuwa waendesha boda, ambao hununua makoti kwa ajili ya asubuhi za mvua. Mama mmoja kutoka upande wa Congo alikuwa na suti nzima, suruali na koti vimeungana, ya waridi yenye mikono ya kijani. Kwenye zipu bado palining'inia kipande cha tiketi ya lifti ya mlimani. Nikasisimka. Nguo ilikuwa imeshafika huko, ikarudi, na inajua njia.

"Mama, hii ni ya baridi ya Ulaya," yule mama akaniambia. "Hata mutu alale ndani ya friji, hasikii kitu."

"Ni kubwa."

"Si kubwa. Wewe ndiyo bado. Ukifika kule utakula nyama, itakutosha."

Nikaichukua. Nyumbani nilifunga mlango nikaivaa, saa saba mchana, wakati wa kiangazi, nikaanza mazoezi niliyoyaona kwenye video: magoti yanakunjwa, mikono mbele, uzito kulia, uzito kushoto. Jirani yangu alikuja kuomba chumvi. Mlango sikuwa nimeufunga vizuri. Alinikuta nimechuchumaa katikati ya sebule ndani ya gunia la waridi, jasho linadondoka kidevuni, nayumba huku na huku na kuhesabu kwa sauti. Alirudi nyuma polepole, akauvuta mlango, akaenda bila chumvi. Jumapili kanisani watu watatu tofauti waliniuliza afya yangu kwa upole usio wa kawaida.

Na mwishowe nikakipata chumba. Ee, chumba gani! Kisafi, kina jiko, kina dirisha linalotazama mlima, na bei yake ilikuwa ndogo mpaka nikahisi namwibia mwenye chumba. Walisema ukishalipa hakuna kurudishiwa, na mimi nikaona hiyo ndiyo sababu ya bei. Niliangalia ramani. Kati ya chumba changu na nyumba ya wakwe palikuwa na upana wa kidole. Nikapima kwa kipimio cha ramani: karibu kuliko Manibe na mjini. Kutoka Manibe watu huja kwa baiskeli wamebeba kuni. Nikajiambia nitakuwa nakwenda kwa miguu asubuhi, namkuta mtoto nje kwa bahati, nambeba, narudi kwangu kupika. Nikaomba msaada wa mwalimu mwenzangu mwenye kadi ya benki, nikalipa, nikamtumia binti yangu picha ya dirisha.

Hakujibu upesi. Kisha akapiga.

"Mama, hapo ni upande wa pili wa mlima."

"Najua kuna mlima. Si ndiyo milima yenyewe?"

"Mama. Barabara ya kupita juu hufungwa na theluji mpaka majira ya joto. Kuja kwetu inabidi ushuke na basi mpaka bondeni, upande treni, uzunguke, upande basi lingine. Karibu siku nzima. Na kurudi vile vile."

Kila mwaka kuna wanafunzi wanaopima umbali kwa rula juu ya ramani ya milima bila kutazama mistari ya miinuko, na kila mwaka huwazungushia duara jekundu na kuwaandikia pembeni, "Wewe ni ndege?" Wengine wamelia kwa sababu ya swali hilo. Niliifungua ramani kwenye simu ile ile nikaikuza. Mistari ilikuwepo yote, imebanana kama nyuzi za mkeka, kati ya chumba changu na mjukuu wangu. Mimi, mtaalamu wa theluji, nilikuwa nimelipia wiki moja ya kumtazama mjukuu wangu kupitia ndani ya mlima.

Lakini binti yangu hakucheka. Ningependa angecheka.

"Mama mkwe ameniuliza kwa nini hutaki kulala kwao," akasema. "Ameuliza kama nyumba yao ni chafu. Ameuliza kama mnawadharau. Nimjibu nini?"

"Mwambie ni mila."

"Nimemwambia. Anasema mila gani inamkataza bibi kulala na mjukuu wake." Halafu sauti yake ikabadilika. "Mama, unakuja kwangu, au unakuja kwa theluji?"

Nilikasirika. Mimi nikijua nina makosa ndipo hasira yangu huwa safi kabisa. Nikamwambia mila sikuzitunga mimi, kama hazitaki akaulizane na shangazi yake Koboko, na nikakata simu. Kisha nikakaa kwenye kimoja cha vile viti vya wageni, nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga, na nikaogopa. Nilikuwa nimemfukuza mtu pekee aliyekuwa ananiita.

Shangazi wa Koboko ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Ndiye mwenye sauti katika ukoo sasa, na nilimwogopa tangu siku niliyoingia kwao kama bibi arusi. Safari hii binti yangu alinitii: alimpigia kweli. Siku ile ile nikaitwa. Wifi haelezi kwenye simu. Alisema, "Kuja," akakata.

Jumamosi nikashuka Koboko nikiwa nimejiandaa kama mshitakiwa. Nilimkuta uani amekaa na ungo wa karanga anazimenya. Hakuniuliza habari za njia. Alinimiminia rundo langu la karanga kwenye sahani, maana kwake hakuna mtu anayehukumiwa mikono mitupu. Mimi Kikakwa changu ni kibovu na yeye Kilugbara hakitaki, kwa hiyo miaka yote tumezungumza Kiswahili chetu cha West Nile, kile ambacho kaka zao walikileta kutoka jeshini na sisi wanawake tukakimalizia sokoni.

Nilianza kujitetea kabla hajauliza. Nikamwambia sijavunja kitu. Sitalala kwao, sitakula kwao, nimelipia chumba changu, na kwa kweli chumba chenyewe kiko upande wa pili wa mlima na barabara imefungwa, kwa hiyo hata nikitaka kuvunja mila siwezi.

Akaacha kumenya. "Imefungwa na nini?"

"Na theluji."

"Wewe mwalimu ya mlima?"

"Ndiyo, wifi."

Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Alirudia "mwalimu ya mlima" mara nyingi, akamwita mwanamke wa nyumba ya pili kuja kusikia, nikalazimika kuhadithia tena kisa chote pamoja na suti ya waridi. Yule jirani alipoondoka, wifi akafuta macho, na uso wake ukawa mwingine.

"Nani naambia wewe usilale kwa hao watu?"

"Mila, wifi. Si wewe unajua kuliko mimi?"

"Mimi najua." Akachukua karanga moja, akaivunja. "Wakati ya vita sisi tulikimbia kwenda Congo. Wewe ulikuwa kwenu, mtoto mudogo. Mimi ilikuwa na mimba. Mama moja ya kule alitupatia nyumba yake, chumba moja. Ndani iko mimi na bwana yangu, iko ndugu yangu, huyu bwana yako, iko mama mkwe yangu, iko baba yangu. Sisi wote chini, kama hizi karanga. Ng'ombe ya harusi yangu ilikuwa bado kumalizika. Siku ya kuzaa, baba yangu iko upande ya mlango, mama mkwe yangu nashika kichwa yangu. Muhogo ilikuwa mingi huko nje. Hakuna mutu aliingia ndani ya muhogo."

Miaka yote niliyokaa katika ukoo ule, hakuna aliyewahi kunihadithia hivyo. Mume wangu alikuwa akisema tu, "Tulikuwa Congo," kisha anaomba chai.

"Ndugu yangu alingoja," wifi akaendelea. "Alikuwa na haki. Yeye ni baba, baba anangoja. Alingoja mpaka tukamulalisha hapa." Hakuonyesha kwa mkono, wala haikuhitajika. Kaburi liko pale pale nyuma ya nyumba. "Sasa wewe nangoja nani? Nani atakuja hapa kukuambia ulifanya vizuri?"

Nililia. Sikulia kwa ustaarabu, nililia juu ya karanga zake, na yeye akaivuta sahani pembeni zisilowe. Alipoona nimemaliza akairudisha.

"Nenda, lala kwao," akasema. "Lakini ukienda, uliza hao watu kitu moja. Kwa nini hawakuja? Sisi wote tulikaa hapa na hasira, na hakuna mutu aliuliza."

Jumapili baada ya ibada nikampigia binti yangu. Ilikuwa saa yao ya chakula cha mchana, na mezani walikuwepo wote: kijana, baba yake, mama yake, na mtoto amekaa juu ya mito miwili ili afikie sahani. Nilimwambia binti yangu atafsiri neno kwa neno, nikasema: naomba radhi. Nitalala kwenu. Nitakula chenu. Kitanda chochote mtakachonipa, hata cha ukumbini.

Yule mama alipiga makofi, kisha akaweka mkono kifuani. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, nikaona mwanamke wa umri wangu mwenye miwani iliyopinda, anayelia kirahisi kama mimi. Mzee akauliza kitu kwa uso wa mtu anayejadili jambo zito. Binti yangu akatafsiri huku anacheka: anauliza unataka juu au chini. Yeye mgongo wake ulipasuliwa, hapandi tena ngazi wala hatelezi. Siku hizi hubaki ndani na mtoto, wanaangalia wengine wanavyoanguka. Nikasema nitalala juu, na mchana nitabaki ndani pamoja nao, maana nimeshaanguka vya kutosha kabla sijafika. Walicheka wote, hata mkwe wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa anaangalia sahani yake kwa adabu ambayo hata kwetu ingesifiwa. Kumbe alikuwa amefundishwa.

Basi, wakiwa bado wanacheka, nikauliza. "Waulize kwa nini hawakuja kwetu."

Binti yangu alisita. "Mama..."

"Uliza. Shangazi yako ndiye anayeuliza."

Akauliza. Kicheko kikatulia. Mzee akaweka uma chini, akaongea kwa muda mrefu, taratibu, bila hasira, mara moja moja akimtazama mkewe naye anaitika kwa kichwa. Binti yangu alisikiliza. Alipomaliza, binti yangu hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Anasema walikuwa wanangoja kualikwa."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, na nikaona kwamba na yeye alikuwa anaelewa wakati ule ule anaponieleza. Kwao mtu haendi nyumbani kwa watu bila kuitwa. Ni utovu wa adabu, hasa kwa watu wa binti. Mtoto alipozaliwa, wote wawili walikwenda wakachomwa sindano ya homa ya manjano ili wawe tayari. Mzee alinunua begi. Wakamwambia binti yangu, wazazi wako wakituita tutakwenda. Naye alitufikishia, nakumbuka, na mume wangu akamjibu, waambie wakija tutawapokea. Naye akawafikishia. Kila upande ulisikia maneno ya heshima, ukashukuru, ukakaa. Sisi kwetu haitwi mtu kuja kuposa, huja mwenyewe. Wao kwao haji mtu mwenyewe, huitwa. Kisha mgongo wa mzee ukaharibika, daktari akamkataza ndege.

Mama yule alikuwa ameshika mkono wa mumewe juu ya meza. Mimi nilimwona mume wangu anapaka rangi ukuta wa mbele, anasogea nyuma kuutazama, anarudi kuongeza mahali palipobaki. Moyo uliniuma kuliko siku tuliyomzika.

Mtoto akatutazama mmoja mmoja, akamvuta mama yake mkono, akasema kitu kwa Kifaransa.

"Anauliza kwa nini watu wote wamenyamaza," binti yangu akasema.

"Mwambie bibi anakuja," nikasema. "Na mwambie babu yake wa Koboko alikuwepo nyumbani siku zote, akiwasubiri."